Meza Tatu, Baki Wawili

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kwenye karamu ya harusi, na wanaowapanga wageni mezani ni zile amri mbili za kugawanya namba nzima nilizokuwa nikizisoma mchana kazini, ninakoandika programu za kompyuta. Mmoja anaitwa Gawanya, mnene, amevaa kanzu. Mwenzake, Baki, ni mwembamba na amebeba kikapu.

"Wageni kumi na saba, meza moja watu watano," Gawanya anatangaza. "Meza tatu."

Mimi naitwa Tatu, kwa hiyo naitika, "Abee."

"Sikukuita. Wewe huna meza."

Kando yangu amesimama dada yangu Mwanaidi, naye hana meza. Hatujasemezana tangu tugombee cherehani ya marehemu mama.

"Si utukate tu, kila meza ipate kipande?" Mwanaidi anamwuliza kwa upole.

"Sikati mtu. Natoa namba nzima. Wanaozidi si wangu."

"Ni wangu," anasema Baki. Anatutia sote wawili kikapuni, anafungua mlango wa ukumbi, na nje ni jikoni kwa mama, Pangani. Sufuria ya pilau iko mekoni. Pilau imekwisha.

"Mmebaki wangapi?" sufuria inauliza.

"Wawili."

"Ukoko upo. Ila msinikwangue kwa hasira."

Tunakwangua taratibu. Mwanaidi ananisogezea upande ulioungua, ninaoupenda tangu utotoni.

"Ile cherehani ina kutu," anasema.

"Bado inashona?"

"Inashona ukiiimbia."

Nacheka mpaka napaliwa. Ananipigapiga mgongoni kama zamani, na sitamani tena meza ya mtu yeyote.

Hodi inabishwa. Anaingia Sifuri, mviringo, mstaarabu, amevua viatu mlangoni. "Naomba ukoko huo ugawanywe kwa mimi," anasema.

"Msithubutu, kwa sifuri hakigawanyiki kitu," sufuria inanong'ona.

Lakini Mwanaidi hajawahi kumnyima mgeni. Anainua mwiko. "Ukoko, kwa sifuri..."

Kila kitu kinasimama, kama programu iliyokwama. Mwiko hewani, moshi juu ya meko, mdomo wa dada ukiwa wazi. Gawanya anachungulia dirishani, anatikisa kichwa, anazima taa.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Nikachukua simu na kukuta ujumbe wa Mwanaidi, wa kwanza baada ya miaka.

"Mbona umeamka mdogo wangu? Umeniachia ukoko wote."