Ndara za Mlangoni

Mara ya saba mjukuu wangu alibonyeza kitufe cha kompyuta yake, na mara ya saba seva ya hospitali ikamjibu yaleyale: siwezi kuwaka, nimeshawaka.

"Inanidanganya hii, Bibi!" Akasukuma kiti, akaanza kuizunguka meza yangu ya jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Alikuwa na wiki tatu tu kazini, fundi wa kompyuta za hospitali, anazifikia kwa mtandao hata akiwa jikoni kwangu. Alfajiri umeme ulikatika hospitali. Uliporudi, programu ya majibu ya maabara ikagoma kuamka. Mabenchi yalijaa wagonjwa, na daktari haoni jibu la damu ya mtu yeyote. Mkubwa wake alishapiga simu mara mbili akifoka. Ya tatu alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha: "Ikifika saa sita haijawaka, namrudisha fundi wa zamani. Wewe utapumzika."

Saa tano na nusu ilishapita. Mimi niliishia darasa la nne, mashine sizijui; ila kunyamaza nako sikufundishwa.

"Mke mwenzangu," nikamwita, maana ndivyo tunavyoitana tangu anatambaa, "inasemaje hasa?"

"Inasema mwenzake yumo ndani. Haziruhusiwi kuwa mbili."

"Kwani yumo?"

"Hayumo! Nimepekua kote. Alikufa na umeme."

"Basi nani kaiambia yumo?"

Alirudi kitini, akaikodolea macho kompyuta.

"Kitendawili," nikasema.

"Bibi, jamani, si sasa!"

"Kitendawili."

"Haya, tega."

"Mwenyewe kaondoka, wageni bado wanamwogopa."

Macho yake yalitangatanga, yakatua mlangoni, kwenye ndara za marehemu babu yake. Mwaka wa tano zipo pale, ncha zimeelekea ndani.

"Viatu," akanong'ona. "Imeacha viatu!"

Kumbe programu ile ikiingia kazini huacha kijifaili chenye namba yake, na ikiaga vizuri hukiondoa. Ya alfajiri haikuaga. Akakisaka, akahakikisha namba ile haina mwenyewe, akakifuta. Mara ya nane alibonyeza amefumba macho. Mimi ndiye niliyeona neno likigeuka kijani.

Simu ikalia. "Majibu yanatoka," mkubwa akasema, akakata.

"Hata asante hana," nikalalamika.

"Asante yake ni kesho kuniona kazini." Akanibusu kwenye paji la uso, akakusanya vitu vyake, akaziruka zile ndara kama watu wote wanavyoziruka, akaenda zake.

Nilirudi kwenye vitunguu nilivyokuwa nikikata, sikutulia. Ndara zile niliziacha pale wapitao wajue nyumba ina mwanamume. Wakajua. Jirani yangu hunisalimu kutoka uani, akageuka. Eti asije akasumbua. Mwenyewe nilidhani ni heshima.

Nikainama, nikaziokota. Zilikuwa nyepesi kuliko nilivyozikumbuka, na chini yake sakafu imebaki na rangi yake ya zamani. Nilisimama nazo, mara nizipeleke chumbani, mara nizirudishe, sijui mkono upi uzibebe.

"Hodi," jirani akaita kutoka uani.