Mkuki Kwenye Lango la Zizi

Mvua za El Nino zilipoikata reli, Nyanzala alikuwa Tabora, amekwenda kumzika mama yake. Wiki saba alihifadhiwa na fundi wa reli aitwaye Isidori, aliyeishi na mama yake mzee. Aliporudi kijijini Magamba, nje ya mji wa Mpanda, binti yake Kija, wa miaka mitatu, alimkimbilia. Mumewe Luhende hakuinuka kigodani.

Ukoo wa Luhende ulikuwa na kiapo chake: mke aliyetiliwa shaka huruka mkuki wa mumewe, uliolazwa kwenye lango la zizi. Mwongo hujikwaa, walisema. Nyanzala aliruka mbele ya watu wote, hakuugusa hata kwa pindo la kanga. Vigelegele vikapigwa.

Haukupita mwezi, maneno yakaanza upya. Silvesta, mdogo wa Luhende, ndiye aliyekuwa hodari wa kejeli.

"Shemeji, treni ikipiga honi moyo unaruka, eh? Unamkumbuka fundi?"

Hatimaye Luhende akamwita. "Mama Kija, mimi nakuamini. Ila watu. Ruka tena Jumapili, yaishe."

"Na nisiporuka?"

"Utaondoka. Ng'ombe nilitoa. Mtoto ni wa kwetu."

Nyanzala alikuwa akishona barazani kwa Mama Hansa, mjane wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Mpanda mjini. Siku ile alivunja sindano mbili. Mama Hansa akamletea chai, akamdadisi, akaambiwa yote.

"Kwetu iko hadithi ya kale sana," alisema. "Malkia alitekwa na adui. Alipookolewa, mumewe akataka ushahidi. Akapita motoni, asiungue. Watu wakaendelea kusema, mfalme akamfukuza na mimba yake ya mapacha. Miaka ikapita, akamwita: njoo uape tena."

"Akaapa?"

"Aliiambia ardhi, kama mimi ni safi, nipokee. Ikafunguka, akaingia. Mama yangu alinifundisha: huyo ndiye mke mwema, anavumilia. Nami nikamfundisha binti yangu Hansa hivyohivyo. Sasa nimezeeka, naona vingine. Motoni aliingia kwa ajili ya mume. Ardhi aliiita kwa ajili yake mwenyewe. Wajibu wa kumwamini ulikuwa wa mfalme, naye akaogopa watu."

"Na watoto, Mama?"

Mama Hansa akazungusha kikombe chake. "Walibaki na baba yao."

"Basi hadithi yako hainisaidii."

"Hata mimi haikunisaidia, mwanangu."

Jumapili mkuki ukalazwa. Mama mkwe alikuwa amempakata Kija. Hatua moja tu, na usiku huo Nyanzala angelala na mwanawe kifuani. Akalipandisha pindo la kanga, akasogea. Ndipo akamwona Kija anavyotazama: ametulia, macho yako kwenye mkuki, kama anayejifunza.

Nyanzala akasimama.

"Nyie mliniona nikiruka," alisema. "Siruki tena."

Hata Silvesta hakucheka. Luhende aliinamisha kichwa. Nyanzala alipiga magoti, akamfunga Kija mkanda wa gauni.

"Mama, twende?" mtoto akauliza.

Ardhi haikufunguka. Ilimbidi aitembee kwa miguu hadi Mpanda, kilio cha Kija, aliyeshikiliwa na bibi yake, kikimfuata mpaka kikamezwa na mashamba ya mahindi.

Kesho yake Mama Hansa alikata kitambaa cha njano, akakiweka kwenye cherehani. Nyanzala akashona gauni dogo. Pindo aliliacha nene, lifunguliwe kidogo kidogo mtoto akirefuka. Na kwa kuwa hakujua ni nani atakayelifungua, alilishona kwa mkono, kwa mishono mirefu, rahisi kufumuliwa.