Kinyozi Aliyekwama Hewani

"Mk... mkwe... uko... ko... o..."

Kinyozi alikuwa bado mlangoni anavua viatu sauti hiyo ilipomfikia, imekatikakatika kama ya mtu anayeongea huku anapigwa makonde mgongoni. Kabla hajajijua, mikono yake ilikuwa imeshachomekea shati.

Sauti ilikuwa ya baba mkwe wake, mwalimu mkuu mstaafu, aliyemfundisha enzi za kaptula. Dukani kwake kinyozi alikuwa mfalme. Aliwainamisha watu wazima vichwa kwa kidole kimoja, na wembe ukipita hakuna aliyethubutu hata kumeza mate. Lakini mbele ya mzee huyu alirudi dawati la nyuma, tena bila kalamu.

"Njoo, baba anakuulizia," mkewe aliita kutoka sebuleni.

Akaenda, akaketi mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye mtungi wa maua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mkwe, ile ha... habari yangu, mmeamuaje?"

Ile habari ilikuwa hivi: mzee aliteleza bafuni kwake, akalala sakafuni mpaka jirani aliposikia anaita. Binti yake alitaka aje kuishi nao. Chumba kilikuwepo, kitanda kilikuwepo. Mzee ndiye aliyeweka ngumu. Hawezi kuhamia kwenye nyumba ya watu kwa neno la binti yake, alisema. Mwenye nyumba amwambie mwenyewe, kwa mdomo wake.

Na mdomo wa mwenye nyumba ulikuwa na dawa yake. Kinyozi aliufungua, akainua mkono kama anayetaka kutoa hoja nzito, akaganda kama picha ya simu mtandao unapokwama. Hakupepesa macho wala hakupumua. Alikuwa fundi wa jambo hili. Alijua kwamba mtu anayekwama huku kafunga mdomo vizuri huonekana mwongo. Lazima jicho moja lilegee na ulimi uchungulie kidogo. Ruta nayo, kile kisanduku cha intaneti, mkongwe wa rafuni mwenye antena iliyofungwa kwa plasta, ilikuwa mbovu kiasi kwamba nani angebisha?

"Amekwama tena," mzee akasema, akakata simu.

Mkewe, fundi cherehani, alisimama na futi yake shingoni.

"Kesho namwita fundi wa kampuni atubadilishie hii ruta. Wateja wa zamani wote wanabadilishiwa, ni kuomba tu."

"Ina kosa gani?"

"Ina kosa gani? Watu wananitumia picha za magauni, zinafunguka mpaka kiunoni, basi! Juzi sketi ya bibi harusi nimeibuni kichwani."

"Si aliipenda?"

"Alilia."

"Kwa furaha."

"Bwana we, usinichekeshe nikiwa na hasira."

"Mimi nasema tusiwe na papara," kinyozi alisema kwa sauti ya mtu mwenye busara zake. "Hii imeshatuzoea. Inajua kuta zetu. Ukileta mpya itaanza kutujua upya."

"Ruta si mbwa."

"Halafu hizi mpya zina kasi mno. Mambo ya kasi yanaleta presha."

Mkewe alimtazama kwa muda, kwa jicho lile lile analolitazamia jora la kitambaa kabla ya kutia mkasi.

"Haya. Kaa na ruta yako."

Mume mwenye akili timamu angeshtuka palepale. Kinyozi alikwenda kuoga akipiga mluzi.

Jioni iliyofuata simu ikaita tena. Kinyozi akatupa jicho rafuni. Mkongwe yupo, plasta yake ipo, vitaa vinapepesa. Roho ikatulia. Akaketi, na uso wa mzee ukatokea safi kabisa, ungeweza kumhesabia nywele za nyusi. Ni bahati ya muda mfupi tu, kinyozi akajiambia.

"Mkwe, ile habari yangu?"

Mdomo wazi, mkono juu, jicho limelegea. Akaganda.

"Amekwama," mzee akasema.

"Ndiyo, baba," binti yake akajibu kwa sauti ya asali.

"Hasikii?"

"Hasikii hata chembe."

"Basi afadhali. Mwanangu, kuna jambo siwezi kulisema mbele yake. Mimi namwogopa mumeo."

Kinyozi nusura aanguke kitini. Akajikaza kisabuni.

"Wewe, baba? Unamwogopa huyu?"

"Namwogopa. Hapa kwangu nikiangusha sufuria, ni sufuria yangu. Kwake nitaomba radhi. Nitauliza kiti cha kukalia ni kipi. Mimi niliyekuwa nikikohoa shule nzima inanyamaza, leo nikakohoe kwa adabu, nisimwamshe mwenye nyumba?" Mzee akashusha pumzi. "Lakini hapa nako... Tangu nianguke, nikiingia bafuni naacha mlango wazi, naimba. Jirani anajua, sauti ikikatika, aje. Naimba vibaya, mwanangu. Jirani ameshalalamika."

Mkewe hakucheka. Nzi akatua kwenye paji la uso la kinyozi, akatembea taratibu kama anayekagua kiwanja. Jicho likamwasha kama moto. Akamwona mzee yule akiimba peke yake kwenye sakafu yenye maji, ili tu mtu ajue bado yupo, chozi likamtoka. Kama lilikuwa la jicho lililokaushwa au la kitu kingine, mwenyewe hakutaka kujua.

"Mkwe," mzee akasema, "pepesa macho, kijana. Machozi yanakudondokea shatini, na pazia nyuma yako linacheza tangu tumeanza."

Mkewe akaangua kicheko. Akavuta gauni lililotandazwa nyuma ya cherehani, na chini yake ruta mpya ikajitokeza, inang'aa kama sahani ya wageni. Ile ya rafuni ilikuwa inakula umeme tu.

"Baba, ulijua?" kinyozi akauliza, mkono bado uko hewani.

"Tangu siku ile ulipompuliza nzi huku umeganda."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilingoja uone aibu mwenyewe. Ukachelewa."

"Na hayo ya kuniogopa? Nayo ulikuwa unanitega?"

Mzee akatazama pembeni. "Hayo ni ya kweli."

Pakawa kimya, na kimya cha ruta mpya hakina pa kujificha. Kinyozi alimsikia mzee akipumua. Alimwona akishika kingo za meza kwa mikono miwili, kama mwanafunzi anayesubiri kusomewa matokeo. Akaushusha mkono wake, akaisogelea simu mpaka pua ikajaa kioo chote.

"Baba, nisikilize vizuri. Jumamosi sifungui duka, nakuja kukuchukua mimi mwenyewe. Masufuria yako beba yote, uje uyaangushe utakavyo. Na ukiingia bafuni, imba. Mimi nitakuitikia kutoka sebuleni, hata kama unaimba vibaya kiasi gani."