Misalaba Kwenye Kalenda

Fundi makochi hakuwa na simile na wavivu, hata mvivu akiwa binti yake wa kumzaa. Kwa kushona vitambaa vya makochi, binti aliwapita wote waliowahi kufanya kazi pale karakana. Lakini kila baada ya muda alijikunja juu ya sponji, ameshika chini ya kitovu, jasho linamtoka. Kisha siku mbili haonekani.

"Wote tulipitia huko," mama yake alisema. "Akizaa yataisha."

Zahanati walimpa dawa za mkojo mchafu. Mara ya pili wakampa za taifodi. Mara ya tatu wakampiga ultrasaundi, wakasema yuko safi. Neno hilo ndilo lililomponza. Tangu hapo, kila siku aliyokosa kazini, baba alichomoa penseli sikioni akatia msalaba kwenye kalenda ya ukutani. Mwaka ukiisha amtimue, achukue mtu baki.

Mwezi wa saba binti alizimia juu ya cherehani. Baba akambeba hadi hospitali, kalenda kwapani.

"Daktari, mwanangu, kabla ya dawa tazama hii. Huyu binti yangu uvivu wake una ushahidi."

Daktari, mwanamke kijana mwenye miwani, aliipitisha kalamu juu ya misalaba. Akarudia.

"Siku ishirini na nane. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Mzee, mvivu gani huyu anayefuata tarehe kama mwezi mwandamo?"

Akamgeukia binti, akamuuliza maumivu huanzia wapi; fundi akajibu yeye.

"Sasa tupishe. Kila ninachomuuliza yeye, unajibu wewe. Kwani tumbo ni lako?"

Fundi alipoitwa tena ndani, alimkuta binti ana macho mekundu.

"Ameniruhusu nikueleze," daktari alisema. "Nadhani nyama kama ile ya ndani ya mfuko wa uzazi imeota nje yake. Kila mwezi inavimba, inavuja damu, na damu haina pa kutokea. Ultrasaundi mara nyingi haiioni. Nampeleka kwa bingwa, huenda wakaingiza kamera ndogo tumboni wahakikishe. Dawa anaanza leo."

"Na akizaa?"

"Mtoto si dawa, mzee."

Binti alimtazama baba yake. "Kwa hiyo sikuwa najifanya?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na fundi alikuwa ametengeneza makochi na vitanda miaka ishirini.

"Hukuwa unajifanya," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa mjinga."

Mwezi uliofuata, siku zilipofika, dawa zilipunguza maumivu lakini hazikuyamaliza. Binti alibaki nyumbani. Mteja mmoja akaja juu.

"Fundi, kochi langu liko wapi? Si uliniahidi leo?"

"Binti anaumwa."

"Mabinti wa siku hizi! Tumbo kidogo tu, kitandani."

Fundi akaweka nyundo chini.

"Mama, ukitaka libebe ukalishoneshe kwingine. Mimi fundi wangu anaumwa. Mshono ule hakuna mwingine hapa anayeuweza, hata mimi."

Mteja alitazama kochi, akatazama mlango, akakalia kiti kisicho na sponji.

"Basi mpe pole," alisema. "Nitasubiri."