Injini ya Shaban

Mume wangu Shaban hakuwahi kunisifu mbele za watu kama alivyoisifu injini ya Corolla yake. Silinda nne tu, ndogo, lakini kwa kazi ya teksi ilitulisha miaka nenda rudi, Dodoma hadi Kondoa, vumbi na makorongo. Miaka ya uhaba, oili ilipoadimika, aliichuja ile ya zamani kwa kipande cha kanga yangu na kuirudisha. Zikaja enzi za ruksa, maduka yakajaa oili ya kila aina, na bado akachuja. Kanga zangu ziliisha, injini ikazidi kudunda. Nilikuwa naionea wivu, wala sifichi.

Kisha daktari wa macho kule Mvumi akamwambia asishike tena usukani. Presha ya macho ilishamaliza jicho la kushoto, na la kulia lilikuwa njiani. Tukakubaliana kuuza. Akapatikana Ambokile, mfanyabiashara wa mahindi, ila yeye hakutaka gari. Alitaka injini peke yake, aifunge kwenye pikapu yake.

Alikuja nyumbani kwetu Kizota Jumamosi asubuhi. Shaban akawasha gari, akafungua boneti, akafanya kama wafanyavyo mafundi wa hapa mtu anaponunua injini: akaomba sarafu aisimamishe kwa ukingo juu ya mfuniko wa injini, maana injini nzima haitetemeki hata iiangushe. Vidole vilipapasa muda mrefu, na hakutaka nimsaidie. Hatimaye aliiachia. Injini ikanguruma, sarafu ikasimama wima.

"Mzee, hii ni mashine," Ambokile alisema taratibu. "Naichukua. Kesho naleta fundi aishushe."

Shaban akaanza kumwelekeza. Asubuhi za Juni aiache iungurume kidogo kwanza. Mlimani asiikamue. Alisema huku mkono wake ukiisugua boneti, na machozi yakimtiririka. Hata alipomzika mama yake sikumwona akilia. Roho iliniuma sana. Nilijua injini ile ikitoka pale uani, mume wangu atabaki kukaa barazani akihesabu adhana.

"Baba Hanifu," nikamwita. "Haiuzwi."

"Nani ataiendesha, Salwa?"

"Mimi. Ile leseni uliyonitafutia ili uwaringie ndugu zako ipo kabatini, bado hai."

Ambokile alicheka, akachukua sarafu yake. "Hata mimi nisingeiuza, mama."

Jumatatu nilishika usukani, Shaban kando yangu. Nilitia gia ya pili nikaing'ang'ania kwa woga hadi karibu na reli, injini ikilia, jasho likinitoka. Yeye alikuwa ametulia, macho kayafumba.

"Inaomba ya tatu," alisema.

Nikaipa, ikatulia.

"Hapo sawa. Sasa kaa kushoto, tunaelekea stendi," akaniambia, na kwa mara ya kwanza tangu tutoke Mvumi sauti yake ilikuwa ya dereva.