Daktari wa Kinyesi

"Wako salama," mzee alisema, ameinama juu ya maranda kama alivyoinama kila asubuhi kwa miaka thelathini. "Kinyesi kigumu, kina kofia yake nyeupe. Safi kabisa."

Binti yake alikuwa mlangoni mwa banda la kuku, akiangalia. Kinyesi kilichokuwa chini ya pua ya baba yake kilikuwa na damu.

Kuku mia tatu wa nyama, wa wiki ya nne, walikuwa wamejikunyata pembeni na mbawa zimelegea. Kadhaa walikuwa wameshakufa. Mzee alikuwa amewapita bila kugeuka.

Majirani walimwita Daktari wa Kinyesi, na jina hilo alilivaa kama suti ya harusi. Afya ya kuku iko tumboni, aliwaambia waliomcheka, na habari za tumbo zinaandikwa chini, ni kusoma tu. Tangu mkewe afariki, banda ndilo lililokuwa likimwamsha. Kwa hiyo macho yalipoanza kufifia alijikaza kisabuni. Wakijua, wangemkalisha sebuleni na redio, na alijua huko hangemaliza mwaka.

Binti alikwenda stoo. Chakula cha kuku baba yake alikichanganya mwenyewe, na katika kila gunia alitia kijiko kutoka kila moja ya makopo mawili: lenye mfuniko mwekundu ni dawa ya kuzuia kuhara damu; lenye mfuniko wa bluu ni vitamini. Kopo la bluu lilikuwa tupu. Lile jekundu, karatasi ya kuziba mdomo wake ilikuwa haijachanwa. Vijiko vyote viwili vilikuwa vikitoka kopo moja.

Alirudi bandani na makopo yote mawili.

"Baba, hili lina mfuniko wa rangi gani?"

"Unanipa mtihani, mwanangu?"

"Baba, tafadhali."

Mzee aliligeuza kopo mkononi, akalisogeza karibu na uso, akalisogeza mbali. Halafu akamrudishia.

"Tangu lini?" binti aliuliza.

"Kabla hawa hawajaja. Ningekuuliza rangi, ungeniondoa humu."

"Ningekuondoa, ndiyo." Hakuwa na moyo wa kumdanganya, na alijichukia kwa hilo.

"Wamekufa?"

"Baadhi. Wengine wanahara damu."

Mzee alikaa chini pale pale, juu ya maranda, akalia waziwazi, bila kujificha uso.

Binti alikoroga dawa ya kutibu kwenye maji, akajaza jagi, akachuchumaa kando yake.

"Nimimine wapi?" mzee aliuliza. Hakuwahi kumuuliza swali kama hilo.

Alimshika mkono, akauelekeza juu ya chombo cha maji cha kuku. Wakamimina pamoja, taratibu, mpaka kikajaa.

"Wanakunywa?"

Binti aliwatazama kuku pale pembeni. Hakuna aliyetikisika.

"Tusubiri, baba."

Wakabaki hivyo, mkono wake bado juu ya mkono wa mzee kwenye mpini wa jagi, mmoja akitazama, mwingine akisikiliza.