Mchungaji Alitusemea

Mimi ni Nkatha, mwenyekiti wa kikundi ambacho chuo chetu kinasema hakipo. Tuko ishirini na kitu, watoto wa Kenya, Kongo na Burundi, na tunajiita Sauti za Maziwa Makuu. Bila kutambuliwa hupewi ukumbi, na bila ukumbi Jaël, mwenzetu wa Kongo, hana pa kusimama asimulie jinsi vita vilivyowatoa Uvira, yeye na mama yake, kaka yake akabaki huko. Maneno hayo ameyaweka kifuani tangu afike Silver Spring, hapa Marekani. Mwaka huu ndipo alipokubali kuyatoa mbele ya watu, na mimi ndiye niliyemwahidi ukumbi.

Mara ya kwanza ofisi ya vikundi ilitukatalia, eti mada yetu inaweza kugawanya watu. Niliwaka! Chuo ni cha serikali, na katiba ya nchi hii hairuhusu serikali kuchagua maneno inayoyapenda na kuyaziba mengine. Niliandika hivyo, nikabisha kila mlango, mpaka Bi Rosemary, mkuu wa ofisi ile, akasalimu amri kuhusu mada. Akatuita mbele ya kamati yake kwa jambo moja lililobaki: tuonyeshe kwamba kikundi kinaongozwa na wanafunzi wenyewe.

Nikaona hilo ni kama kunywa maji. Kwenye WhatsApp yetu watu hubishana hadi simu inapata moto.

Kosa tulilolifanya tulitoka nalo nyumbani. Kwetu huendi mbele ya wakubwa bila mtu mzima wa kukutanguliza. Mama akamwambia Mchungaji Simiyu wa kanisa letu la Lanham, naye akafika kabla yetu, suti imenyooka, Biblia kwapani. Tukampa kiti cha katikati. Nani angethubutu kumpa cha pembeni?

Bi Rosemary aliniuliza nani huchagua wazungumzaji wetu. Nikafungua mdomo. Mchungaji akakohoa kidogo, na mdomo ukajifunga wenyewe.

"Watoto hawa wanaongozwa vizuri," akasema kwa Kiingereza chake cha mimbarini. "Mimi mwenyewe huhakikisha."

Hajawahi kuhudhuria hata kikao chetu kimoja! Alisema kwa upendo, kama mzazi anayemsifia mwanawe kwa wageni, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kamati ikamgeukia Jaël. Jaël akamtazama Mchungaji kwanza, kisha akainamisha kichwa. Kwetu hiyo ni heshima. Wao waliona msichana aliyezibwa mdomo.

Jibu likaja: kikundi kinaendeshwa na mtu wa nje. Rufaa inaruhusiwa, mradi tuje peke yetu.

Nilikaa na Jaël kwenye ngazi za maktaba.

"Ni simple," nikamwambia. "Nampigia Pastor, namshow asikuje kwa hii appeal. Imeisha."

"Umuambie na nguvu, vile ulisemaka na ile madame wa bureau," akasema. "Mi niko tayari, Nkatha. Lakini kuko mambo ile basoda wa jeshi walifanya kwetu, hata kamati ikiniuliza siwezi kuisema mbele ya pasta."

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje ili naye asikie.

"Nkatha, mwanangu!" Mchungaji akaitika kwa furaha. "Mama ameniambia kuhusu rufaa. Msiogope. Nimeomba off kazini, na nitakuja na wazee wawili. Safari hii tutawaeleza kila kitu."

Maneno nilikuwa nimeyapanga yote. Mimi huyu nilimtajia Bi Rosemary katiba ya nchi yake, macho kwa macho, bila kutetemeka.

"Sawa, Mchungaji," nikasema. "Asante sana. Mungu akubariki."

Akakata. Nilitamani kuitupa simu kwenye pipa la taka, nami niifuate. Niliwakasirikia Mchungaji, mama, kamati na adabu zote nilizolelewa nazo. Jaël hakunitazama. Alifunga zipu ya koti lake hadi kidevuni, akasimama.

"Bon," akasema. "Basi uwaambie ile ukumbi waiache tu. Mi sina kitu ya kusema."

Akateremka ngazi kuelekea kituo cha basi. Hata jina lake sikuliita.